Amina ya Badibanga

Kolwezi, Manika, 2 Aprili 1993

Mama Kine,

Barua hii imepita chini ya unga wa muhogo ambao binti yangu Rachelle anakwenda kuuza gare, kwenye stesheni mnakongojea treni. Usimsalimie kwa jina mbele ya watu. Nunua unga, ondoka, soma baadaye.

Jumanne nilikuja hospitali kwa mazoezi kama kawaida. Baraza letu la mazoezi lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Tulikuwa watano wenye moyo mbovu, tukakaa kwenye ukuta tukipuliza kama ulivyotufundisha, midomo imebanwa kama mtu anayepoza chai. Msimamizi mpya akatoka. Nikamwuliza, "Mama Mushiya, kine yetu ya mazoezi ya pumzi, iko wapi?"

"Alirudia kwabo."

"Kwabo ni wapi?"

"Kasai, Tata. Unajua muzuri."

"Mi namujua tangu anazaliwa hapa ku Kolwezi. Baba yake alikuwa anafunga mabehewa, mi navuta."

"Tata, rudia ku nyumba. Moyo yako haipendi mambo."

Kuhusu moyo alisema kweli. Ndiyo maana nakuandikia wewe, si yeye. Vali yangu moja haifungi vizuri. Ulinieleza kwa lugha ya kazi yangu: ni kama pampu ya treni inayorudisha maji nyuma, na maji hayo ndiyo yanayolowesha mapafu. Nimeendesha treni ya mgodi kule Mutoshi mpaka nikastaafu, kwa hiyo pampu mbovu naijua. Inaweza kuendelea miaka, mradi kuna mtu wa kuiangalia. Sasa anayeiangalia amefukuzwa. Nifanye nini?

Na yule karani, Badibanga, yuko wapi? Kama amejificha ili asishindwe mbele ya kundi, mwambie namngoja. Mara ya mwisho ulipotupima, alisema Baba Yetu kwa pumzi moja akaishia kwenye mkate. Mimi nilifika kwenye makosa. Asijifanye amesahau.

Mukalay


Gare ya Kolwezi, 6 Aprili 1993

Tata Mukalay,

Unga ulikuwa mzuri na barua pia.

Walikuja asubuhi, vijana wa chama kinachotaka sisi watu wa asili ya Kasai tuondoke Katanga, na majirani nyuma yao. Walituita bilulu, wadudu. Walisema tuwe tumetoka kabla ya jioni. Sikungoja jioni, maana sikutaka wanione nikikimbia. Nilivaa koti langu jeupe la kazi, nikawashika wanangu mikono, nikatoka kwa mlango wa mbele na kupita katikati yao. Mmoja nilimtibu kifua alipokuwa mdogo. Aliangalia chini, kisha akaingia ndani akachukua redio yangu.

Sasa tuko gare, maelfu, tunangoja treni ya kwenda Mwene-Ditu, Kasai, ambayo hakuna anayejua itakuja lini. Watu wamejaa kwenye jukwaa, kwenye maghala, na kati ya reli. Mvua bado inanyesha. Watoto wanakohoa, wengine wameacha kukohoa.

Badibanga hajajificha. Yuko hapa, chini ya turubai, ubavuni mwa ghala. Unaujua ugonjwa wake: moyo umepanuka, akilala chali maji yanampanda kifuani, anaamka akitafuta hewa kama mtu aliyetolewa mtoni. Hapa hakuna mto wa kulalia wala kiti. Mkewe, Mama Mbombo, anakaa nyuma yake, mgongo kwa mgongo, na ndivyo wanavyolala. Mama akisinzia, mzee anaanguka. Kwa hiyo mama hasinzii.

Sasa wewe. Endelea kila asubuhi kabla ya kula. Weka mkono juu ya tumbo, vuta hewa kwa pua mpaka tumbo liinue mkono. Toa polepole kwa mdomo uliobanwa, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Mabega yasipande. Nakujua, mabega yako yanapanda kama ya mtu anayetaka kupigana. Kwenye chupa ya kupulizia mapovu, maji yawe vidole vinne, usizidishe. Najua unaijaza mpaka shingoni ili watu waone. Maji mengi ni mzigo wa moyo, hayasaidii mapafu. Na ubonyeze miguu kila jioni. Shimo la kidole likibaki, niambie.

Badibanga anasema niandike maneno yake bila kupunguza: "Mashinisti, ulifika kwenye makosa kwa sababu unayo mengi. Na sala yenu Waprotestanti ni ndefu bure, na ule mkia wenu wa ufalme na nguvu. Sisi Wakatoliki tunasema Amina mapema, tunakwenda kula bukari. Nitafika Amina kwa pumzi moja, na wewe utakuwa bado unakokota mkia."

Mimi ni Mpresbiteri, mkia wenyewe nausali kila siku. Sikumwambia.

Mushiya Kanku


Kolwezi, Manika, 14 Aprili 1993

Mama Kine,

Maji ni vidole vinne. Nimekubali, lakini kwa shingo upande.

Ijumaa tulirudi hospitali, wale watano na mmoja mpya, mama mnene anayepumua kwa sauti. Mnyororo upo pale pale. Tulikaa chini, nje ya mlango, kila mtu na chupa yake na kipande cha mpira wa serumu. Tukaanza. Chupa sita zikitoa mapovu pamoja zina kelele, wewe unajua. Msimamizi akaleta mlinzi, akatuamuru:

"Toka hapa. Hii kazi ya Bakasai imeisha."

Hakuna aliyeinuka. Mama mnene akasema, "Kukimbia inaomba pumzi. Sisi hatuna. Tutabakia."

Mlinzi akamtazama msimamizi, msimamizi akatazama chupa. Mwisho wake wote wawili waliingia ndani. Jumanne tutakuwa pale tena.

Sasa jambo la Badibanga. Ninacho kile kiti cha mbao ulichoniagizia kwa seremala, chenye mgongo unaopandishwa kwa meno, kile ninacholalia nikiwa nimekaa. Nataka akichukue. Treni ikija mtapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo. Nimevuta mabehewa hayo maisha yangu yote, naijua sakafu yake. Njia ya Mwene-Ditu ni ndefu, na treni inasimama popote inapotaka. Mtu asiyeweza kulala chali hafiki katika behewa lile bila kitu cha kuegemea. Mgongo wa Mama Mbombo hautaweza.

Ugumu ni kizuizi cha barabara ya gare. Kinasimamiwa na Kabemba, mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye sasa ana kitambaa kichwani na fimbo yenye msumari. Kiti hakipiti chini ya unga. Lakini kizuizi ni watu, na watu nimewahi kuona wakisogea.

Mwambie karani kwamba makosa yangu ninayajua. Yeye ayahesabu mapovu yake.

Mukalay


Gare ya Kolwezi, 20 Aprili 1993

Tata Mukalay,

Hapana.

Kiti hicho ndicho kinachokuwezesha kulala. Ukimpa Badibanga, utakuwa umehamisha maji kutoka kifua kimoja kwenda kingine. Nimefanya kazi hii miaka mingi, sikusomea kuchagua yupi azame. Nimemwuliza na yeye mwenyewe. Anasema: "Mimi sikalii kiti cha mtu niliyemshinda. Kinaambukiza."

Nimemtengenezea egemeo la gunia la mchanga na mbao mbili. Mchanga unasogea, lakini mama anapata kufumba macho kidogo. Vidonge vyake vya kukojoza vimekwisha. Masista wanaleta walivyo navyo, navyo si vya moyo.

Kila asubuhi nafanya mazoezi hapa jukwaani na yeyote anayetaka. Tulianza na wagonjwa wa moyo, sasa wanakuja wenye vikohozi, wanakuja hata wazima. Nimevaa koti langu, limekuwa na rangi ya udongo. Juzi vijana walikuja kwenye ua wa gare kututazama. Mmoja akapiga kelele, "Bilulu, munapuliza moto gani?"

Badibanga akamjibu, "Tunapoza chai yetu. Ile yenu itawaunguza mudomo."

Jibu hilo lilimgharimu pumzi mbili. Zilikuwa na faida zote mbili. Jukwaa zima lilicheka, na hapa watu walikuwa hawajacheka tangu tufike.

Wanatuambia turudi kwetu. Badibanga alizaliwa Kolwezi, baba yake aliletwa na kampuni kuchimba shaba. Yeye mwenyewe aliandika majina ya wafanyakazi kule Kingamyambo mpaka macho yakachoka. Kasai hajawahi kuiona. Jana aliniuliza kama kule kuna baridi.

Amefika kwenye makosa, kama wewe. Anasema mko sawa sasa, na kwamba usijaribu kuzidi, utajiumiza.

Kiti kibaki Manika. Hilo ni agizo la mganga wako.

Mushiya


Kolwezi, Manika, 30 Aprili 1993

Mama Kine,

Agizo nimelisikia.

Miguu haijavimba sana. Nabonyeza, shimo linabaki kidogo, linaondoka. Nimepunguza chumvi, Rachelle analalamika kwamba mboga hazina maana. Natembea. Kwanza nilizunguka ua, halafu nikaenda mpaka kwenye bomba la maji, halafu mpaka kanisani kwetu na kurudi. Pumzi ikikata nasimama, naegemea kitu, nainama mbele kidogo na mikono juu ya magoti kama ulivyotuonyesha. Napuliza. Natembea tena. Usiniulize kwa nini natembea. Wewe mwenyewe ulisema moyo mbovu unahitaji kutembezwa.

Wameandika neno kwenye mlango wangu kwa mkaa, kwamba nyumba hii inalisha Bakasai. Rachelle alitaka kulifuta. Nilimwambia aliache, ni kweli. Jirani mmoja alinijia kwa upole.

"Tata Mukalay, wewe ni mutu wa hapa, mutu wa kaskazini ya Katanga. Banakuheshimia. Juu ya nini unajiingiza?"

"Mi najiingiza juu ya mapafu yangu."

"Kuko baganga bengine."

"Niletee mumoja."

Bado namngoja alete.

Kabemba alikuja kuniomba radhi kwa yaliyoandikwa mlangoni. Alikaa kwenye kiti changu bila kuulizwa. Alivaa viatu ambavyo nimeviona miguuni mwa Badibanga, vyeusi, vyenye kiraka upande wa kushoto. Nilimwambia ainuke kwenye kiti. Kuhusu viatu sikusema kitu, kwa sababu ningepandisha mabega.

Mwambie karani kwamba hakuna sare katika mchezo huu. Sare ni ya watu waliochoka.

Mukalay


Gare ya Kolwezi, 11 Mei 1993

Tata Mukalay,

Naandika kwa kifupi. Wanasema treni itapakiwa Jumamosi, na safari hii nadhani ni kweli, maana wameanza kugawa watu kwa mabehewa. Mimi na wanangu tumo. Mama Mbombo yumo.

Badibanga anakusalimu. Leo asubuhi amesema sala yote kwa pumzi moja. Amepita mkate, amepita makosa, amefika mpaka kwenye ufalme na nguvu na utukufu, akasema Amina, kisha akatazama upande wa Manika kama mtu anayesubiri makofi. Anasema sasa amekuacha mbali, na kwamba ukikosa mazoezi hata siku moja hutamfikia tena.

Kwa hiyo usikose. Asubuhi kabla ya kula, vidole vinne, mabega chini. Nikishaondoka utakuwa wewe ndiye unayewaonyesha wale wengine barazani. Mama mnene umfundishe kupuliza akiwa amekaa wima, asiiname. Usiwaruhusu wabane pumzi ndani wakati wa kunyanyua kitu. Watoe hewa wanaponyanyua. Hilo ni muhimu kuliko chupa.

Mama Mbombo analala vizuri zaidi siku hizi.

Mushiya


Kolwezi, Manika, 13 Mei 1993

Mama Kine,

Nimesoma barua yako mara mbili.

Mwambie Badibanga nimesikia. Mwambie kiti chake kinakuja.

Usijibu. Rachelle hatakuja gare tena kabla yangu.

Mukalay


Mwene-Ditu, 27 Juni 1993

Tata Mukalay,

Barua hii nampa fundi wa reli anayerudi Kolwezi. Sijui kama inakwenda kwa mtu aliye hai. Ukiipata, nijibu hata neno moja. Neno moja si kazi kubwa kwa mapafu.

Jumamosi ile nilikuwa mlangoni mwa behewa, tumeshapakiwa, askari wamesimama kati yetu na ua. Nikamwona Rachelle anasukuma baiskeli na kiti kimefungwa juu yake, miguu ikitazama mbinguni. Nyuma yake nikaona koti lako la bluu la mashinisti, lile lenye vifungo vya shaba. Ulikuwa umeegemea nguzo ya taa. Nilitaka kukupigia kelele kwa hasira. Badala yake niliona mabega yako yamepanda mpaka masikioni, nikasahau hasira. Niliweka mikono juu ya mabega yangu nikayasukuma chini. Ukaniona. Ukayashusha. Ukapuliza. Hayo ndiyo matibabu ya mwisho niliyotoa Kolwezi, na niliyatoa mbele ya bunduki.

Kiti kilipita mkono kwa mkono juu ya vichwa vya watu. Hata askari mmoja alikipokea na kukipitisha, nadhani kabla ya kufikiri.

Sasa nikuambie. Badibanga alikufa tarehe 8 Mei, kabla ya ile barua yangu. Alikufa amekaa, akiegemea mgongo wa mkewe. Mama Mbombo alijua kwa sababu mgongo ulikuwa mzito kuliko kawaida. Alibaki amekaa hivyo mpaka kulipokucha, hakutaka aanguke mbele ya watu. Tulimzika nyuma ya maghala. Sala ile hakuisema. Siku zake za mwisho hakufika hata kwenye mkate.

Nilikudanganya, na ningekudanganya tena. Nakujua. Ulikuwa hufanyi mazoezi kwa ajili ya moyo wako, ulifanya ili umshinde yeye. Kama ningekuambia hayupo, ungeiweka chupa chini. Nilikuwa nimewapoteza wagonjwa wengi pale jukwaani, nikaamua wewe sikupotezi kwa sababu ya ukweli.

Kuhusu kiti: Mama Mbombo hakutaka kukikalia. Aliyekikalia ni mwanamke kijana ambaye moyo wake ulipanuka baada ya kujifungua, hawezi kulala chali hata kidogo. Safari ilikuwa kama ulivyosema. Treni ilisimama porini. Kuna wazee waliokuwa wakitaja Kasaji, ambako njia yetu haikupita, na kila kituo walichokijua ili wasisikie yaliyokuwa yakitokea pembeni yao. Tulishusha wafu kwenye vituo ambavyo sikuyajua majina yake. Yule mwanamke alifika. Mtoto wake pia.

Hapa wanatuita watu wa Katanga. Wanasema Tshiluba chetu kimeoza. Nimeomba nitumie baraza la jengo la parokia, nimepewa. Kiti kiko katikati. Tumeanza na wagonjwa wanane.

Nijibu.

Mushiya


Kolwezi, Manika, 9 Agosti 1993

Mama Kine,

Neno moja ulilotaka: nipo.

Sasa mengine. Nilijua Badibanga amekufa. Nilijua nikiwa bado nimeishika ile barua yako ya Mei mbele ya Rachelle. Wewe na mimi, Waprotestanti, tunausali ule mkia. Badibanga alikuwa Mkatoliki wa kuanzia ubatizo. Amina yake ilikuwa ile ya mapema. Asingeugusa ufalme na nguvu hata kwa kunishinda, maana angekuwa amekubali kwamba sala yetu ndiyo kamili. Mtu huyo aliishi na fahari yake mpaka mwisho, wewe ukamfanya Mprotestanti baada ya kifo. Nilicheka, halafu nikaomba Rachelle anitolee koti la kazi.

Utaniuliza kwa nini nilipeleka kiti kwa marehemu. Nilimwahidi kiti. Yeye hakuniahidi kuwa hai. Na nilijua kwamba ndani ya behewa hakosekani mtu asiyeweza kulala chali.

Kutoka nyumbani mpaka kizuizini nilisimama mara nyingi. Watu walitoka milangoni kutazama. Baiskeli ililia njia nzima. Kizuizini vijana wakatuzunguka. Kabemba akasema, "Tata, unaenda wapi na ile kiti?"

Sikuwa na pumzi ya kumjibu. Nikaegemea gogo lao wenyewe, mikono juu ya magoti, nikapuliza. Wao wakangoja. Fikiria, Mama Kine: vijana wenye fimbo na mapanga wamesimama kimya wanamngoja mzee amalize kupuliza, kwa sababu hawajui la kufanya na mtu asiyewaogopa wala asiyewajibu. Sikuharakisha. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta.

Pumzi iliporudi nikasema, "Ni kiti ya Badibanga."

"Badibanga ni Mukasai."

"Badibanga ni mutu wa Kolwezi. Viatu yake iko ku miguu yako, muulize."

Mmoja wao akacheka, halafu akaona hakuna mwingine aliyecheka. Kabemba akaangalia chini. Nikamwambia, "Shika hii kinga, dada yako amechoka." Akaishika baiskeli. Aliisukuma mpaka kwenye reli, si zaidi. Kisha akarudi kizuizini, akaendelea kuzuia watu. Nakuambia yote mawili kwa sababu yote mawili yalitokea.

Ukanionyesha mabega. Mengine unayajua.

Kurudi, Rachelle alinipakia kwenye baiskeli kama gunia. Nililazwa wiki kadhaa, miguu imejaa maji, nalala nimekaa dhidi ya ukuta. Ulisema kweli kuhusu kiti, na mimi ningekipeleka tena. Seremala ananitengenezea kingine. Mlango wangu bado una lile neno la mkaa. Mvua ikilifuta, nitaliandika mwenyewe.

Sasa baraza. Mnyororo umetolewa. Hakuna aliyetuambia kwa nini. Nadhani wamechoka kutuona tumekaa nje kama wadai. Tuko tisa. Mama mnene anapuliza wima. Wanatoa hewa wanaponyanyua. Jumanne iliyopita msimamizi akaja na wageni kutoka Lubumbashi, wakubwa wenye mikoba. Akawaambia kwamba hii ni kazi mpya ya hospitali, ya kufundisha wagonjwa wa moyo kupumua.

Nikainua mkono. "Si mupya. Ni ya Mushiya Kanku, kine wa hapa, alizaliwa hapa."

Msimamizi akasema, "Tata Mukalay anasahau, ni uzee."

Mama mnene akasema, "Mushiya Kanku." Akafuata yule wa pembeni yake, na wa pembeni yake, kila mmoja kwa pumzi yake ndogo, mpaka jina likazunguka baraza lote. Mgeni mmoja akauliza kama mafunzo yenyewe yanasaidia. Nikamwambia anitazame.

Nikasimama. Nikaweka mkono tumboni, nikavuta, nikaanza Baba Yetu kwa sauti. Nikapita mkate. Nikapita makosa, ya kwangu na ya wale tunaotakiwa kuwasamehe, nikapita hapo bila kusimama ingawa sijawasamehe. Nikafika mwisho wa Kikatoliki, nikasema Amina, nikakaa.

Mchungaji wetu alikuwepo, alikuja kuwaona wagonjwa. Akaniambia, "Mukalay, umekata sala. Pumzi imeisha?"

Haikuwa imeisha. Ilibaki, ingenifikisha kwenye ufalme na nguvu na labda mbele kidogo. Lakini nilimwambia, na nikasema kwa nguvu ili wale wenye mikoba wasikie:

"Hiyo ni Amina ya Badibanga, mutu wa Kolwezi. Tutakuwa tunasimama hapo."

Mukalay